Waliandika "anaongea sana"

Swali lililonivuruga halikuhusu uhasibu hata kidogo. Lilitoka kwa dada wa utumishi, tena kwa upole, huku akinisogezea chupa ya maji: "Umeolewa? Na mtoto unamwacha na nani?"

Hiyo ilikuwa raundi ya kwanza ya usaili wa kazi ya uhasibu, kwenye kampuni ya usambazaji pembeni mwa Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Jina naliacha. Nilikuwa nimetoka Gongo la Mboto alfajiri, nimevaa ndala, viatu vya usaili vimo mkobani, nikaja kubadilishia kwenye kibanda cha mlinzi. Mlinzi akaniambia, "Mungu akutangulie, dada." Nikaingia nikiwa nimejiandaa kwa maswali ya VAT na ya kufunga hesabu za mwezi. Mtoto nilikuwa nimemwacha nyumbani, sikutegemea nitamkuta pale mezani.

Najua sheria. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya ndoa, ujauzito na mengineyo, na kinamlinda hata anayeomba kazi. Lakini mwenye kodi ya nyumba inayoisha mwezi ujao hasimami pale kusoma vifungu. Wapo wenye ujasiri huo, nawaheshimu. Mimi nilijibu. Shida ni kwamba nikaendelea kujibu. Mume yuko Dodoma kikazi, mtoto ana miaka miwili, binti wa kazi ametoka Singida na ni mtulivu, mama yangu anaishi mtaa wa pili, tena ana kisukari ila anajimudu... Kisukari cha mama yangu kiliulizwa na nani?

Likaja la pili: "Hapa naona mwaka mmoja na miezi miwili huna kazi. Ulikuwa wapi?" Nikawasimulia ugonjwa wa baba kuanzia siku aliyoanguka bafuni hadi arobaini yake. Nikamsema na bosi wangu wa zamani aliyeninyima likizo. Yule dada alikuwa ameshafunika kalamu yake kitambo, mimi bado niko wodini.

Mshahara? "Laki nane," nikasema, haraka kama mtu anayetaja nauli.

Nilirudi nyumbani nimekata tamaa, kwa hiyo waliponipigia Alhamisi, nikiwa nasubiri kuchaguliwa vibua, nilipiga ukelele mpaka muuza samaki akashtuka. "Njoo Jumatatu saa tatu, utaonana na mkurugenzi." Nikamwambia mama. Kosa la mwaka. Mama akaelewa nimepata kazi, na hadi Ijumaa mchana mtaa mzima ulikuwa unajua. Jirani mmoja akaja kukopa kabisa.

Jumatatu nilidhani naenda kusaini. Nikawekewa kompyuta mpakato na daftari la fedha la mwezi mmoja, nilinganishe na taarifa ya benki, dakika arobaini. Makato ya benki niliyaona mapema. Ikabaki tofauti ya shilingi 54,000. Nikaitafuta hundi ya 54,000, haipo. Nikatafuta nusu yake, 27,000, iliyoingizwa upande usio wake, haipo. Jasho likaanza. Ndipo nikakumbuka mchezo wa zamani: igawe kwa tisa. 54,000 kwa tisa ni 6,000 kamili, na tofauti inayogawanyika kwa tisa mara nyingi ina maana kuna tarakimu zimepinduka. Nikapita mstari kwa mstari nikiwa na kidole kwenye kioo kama mtoto wa darasa la kwanza. Malipo ya 39,000 yalikuwa yameandikwa 93,000. Nilitamani kucheka peke yangu.

Kisha nikaingizwa kwa mkurugenzi. Mzee mmoja mpole wa mashati ya kitenge, dada wa utumishi pembeni yake, na mbele yao karatasi zangu za raundi ya kwanza. Sisi tuliokaa ofisini miaka mingi tunasoma maandishi yaliyogeuzwa bila kutaka. Nikaona jina langu. Nikaona "baba – mgonjwa". Chini yake, limepigiwa mstari: "anaongea sana".

Sijui niseme nilijisikiaje. Aibu, ndiyo, na hasira kidogo, kwa sababu ni kweli.

"Nieleze, binti," mzee akasema, "kwa nini uliacha kazi kule?"

Swali lile lile. Walikuwa na jibu langu pale mezani na bado wanauliza. Nikaelewa kwamba hawatafuti habari mpya, wanaangalia kama hadithi imebadilika. Nikasema: "Baba aliugua, nikaomba likizo bila malipo, haikuwezekana. Nikatoa notisi ya siku 28, nikakabidhi vitabu, nikaenda kumuuguza. Alifariki Machi, na tangu Mei naomba kazi."

Nikafunga mdomo. Jamani, ukimya ule! Feni inazunguka, nje gari linarudi nyuma kwenye ghala, pii, pii, pii. Ulimi ulikuwa unawasha. Nilijikanyaga mguu mmoja kwa mwingine chini ya meza nisije nikaongezea habari za arobaini.

"Pole sana," mzee akasema. "Na mtoto?"

Safari hii nililisikia vingine. Hofu yao ilikuwa tarehe 30 saa mbili usiku, nani atabaki na vitabu. "Yuko na bibi yake, mtaa wa pili. Siku za kufunga mwezi nimezoea kuchelewa." Basi. Sijasema swali ni halali, nasema nilijibu kilichokuwa nyuma yake.

Mshahara ndio ulionichosha. Ile laki nane niliitaja nikifikiria ya mkononi. Usiku wa Jumapili nilikaa na kikokotoo: kwenye laki nane ghafi, yaani kabla ya makato, mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF) unachukua 80,000, kodi 60,000, bodi ya mikopo ya wanafunzi asilimia 15 yaani 120,000. Nabaki na 540,000. Mhasibu mzima, najikosea hesabu yangu mwenyewe! Ili nikaribie laki nane mkononi ilibidi nitaje milioni moja na laki tatu.

"Mzee, nilikosea," nikamwambia. "Nilitaja ya mkononi. Ghafi yake ni milioni moja na laki tatu."

Akamtazama dada wa utumishi, akatabasamu. "Sasa unaongea kihasibu." Hakusema ndiyo.

Walipiga simu baada ya siku kumi na sita, muda ambao mama alishaacha kutoka nje. Milioni moja na laki moja, ambayo kwangu ni 699,500 mkononi. Nimekubali. Sasa naingia mwezi wa tatu kazini. Fomu za usaili zinakaa kwenye kabati la kijivu nyuma ya kiti cha dada wa utumishi, na kila nikipeleka karatasi za mishahara nalitupia jicho. Nataka kujua mara ya pili waliandika nini.