Msitu wa Jikoni

Picha yenyewe ilikuwa ndogo, haizidi daftari la shule ya msingi, imetundikwa jikoni juu ya meza, pale ambapo mvuke wa birika ulikuwa umeshaikunja pembe moja. Nilikula chini yake tangu Septemba 2017 hadi Februari bila kuitazama vizuri hata siku moja. Juu, mbingu ya buluu. Katikati, ukanda wa msitu, mweusi tii. Chini, theluji. Basi. Hakuna nyumba, hakuna mtu, hakuna hata kunguru. Kama niliwahi kuiwazia lolote, ni kwamba aliyeichora alichoka mapema.

Nilikuwa nimekwenda Tartu, Estonia, kusoma shahada ya uzamili. Kelele za bweni zilinishinda, nikapanga chumba pembezoni mwa mji kwa mwanamke wa miaka sabini na ushee, kwenye nyumba ya mbao yenye jiko la kuni la matofali lililopanda mpaka darini. Kwao mtu mzima huitwa kwa jina lake, hata na kijana asiyeota ndevu. Mdomoni nililitaja jina hilo kwa shida; moyoni nilimwita Bibi, na hapa nitamwita hivyohivyo. Kila asubuhi nilipokutana naye mlangoni shingo yangu iliinama yenyewe, inatafuta shikamoo ya kumpa. Alidhani naumwa mgongo. Wiki ya pili akaniletea dawa ya kuchua.

Mimi ni wa Moshi. Theluji niliyoijua ni ile ya Kibo, inayojitokeza asubuhi na mapema kabla mawingu hayajaifunika, pamoja na ile ya kwenye picha za kuwauzia watalii: twiga mbele, mlima nyuma, na kileleni rangi nyeupe imekamuliwa kama dawa ya meno. Likizo za sekondari nilikuwa namsaidia mjomba kuipaka hiyo nyeupe. Yeye alisema mteja halipi kama theluji haionekani kutoka barabarani.

Tarehe 24 Februari 2018 ilikuwa Jumamosi. Nchi ilikuwa inatimiza miaka 100 tangu kutangaza uhuru, na Bibi alinigongea kungali giza. Nikamkuta amevaa gauni la sufi na bangili ya fedha, televisheni imewashwa. Saa moja na nusu hivi, jua linachomoza, bendera ikapandishwa juu ya mnara wa Pikk Hermann kule Tallinn, na umati ukaimba wimbo wa taifa. Bibi alisimama huku ameshika mgongo wa kiti, maana magoti yake yalikuwa mabovu. Nami nikasimama. Ulipokwisha nikamwambia, kwa kujipendekeza kidogo, kwamba wimbo wao ni mtamu.

"Tuni si yetu peke yetu," akasema. "Tunachangia na Wafini."

Nikacheka. Nikamweleza kwamba na sisi ni hivyohivyo: tuni ya "Mungu Ibariki Afrika" inaimbwa na Wazambia pia, na Waafrika Kusini wameitia kwenye wimbo wao wa taifa. Alifurahi kana kwamba nimemtajia ndugu aliyepotea. Tulikuwa tunaongea kwa Kiingereza chake cha kuokoteza na Kiestonia changu cha kozi ya jioni, kwa hiyo furaha nyingi ilipitia mikononi. Kisha akauliza:

"Na ule mwingine?"

"Upi?"

"Ule unaowaliza watu."

Nchi ambayo wimbo wake wa taifa ni wa kuchangia, kwa mawazo yake, lazima iwe na mwingine pembeni ambao ni wake kabisa. Sikuhitaji kufikiri. Nikaanza "Tanzania, Tanzania" palepale, mbele ya sinki la vyombo, nguo za kulalia mwilini. Nisidanganye: shuleni ule wimbo ulikuwa wa kuvumilia jua. Tuliuimba mstarini huku mwalimu wa zamu akipita kukagua kucha, na wengi wetu tulikuwa tunatikisa midomo tu. Sasa nikafika pale panaposemwa habari ya kulala na kuota, sauti ikakwama. Nikajifanya nakohoa.

Bibi hakusema pole. Aliinuka, akaitungua ile picha ukutani na kuigeuza. Kwa nyuma, kwa penseli iliyofifia, mumewe marehemu alikuwa ameandika: *Mu isamaa on minu arm*. Nchi ya baba yangu ni kipenzi changu, ndivyo nilivyojitafsiria.

Maneno ni ya mshairi Lydia Koidula. Sura yake niliijua, ilikuwa kwenye noti ya zamani ya krooni 100 ambayo Bibi aliihifadhi kwenye droo ya vijiko, ingawa nchi ilishahamia yuro tangu 2011. Yaliimbwa katika tamasha la kwanza la nyimbo mwaka 1869, mjini Tartu hapohapo, waimbaji wanaume watupu. Ila tuni inayowatoa machozi si ile ya mwanzo, ni ya Gustav Ernesaks, ya mwaka 1944. Ikaimbwa kwenye tamasha la 1947, halafu watawala wa Kisovieti wakaiondoa kwenye ratiba. Mwaka 1960 waimbaji wakaianzisha wenyewe bila kusubiri ruhusa ya mtu. Bibi na mumewe, wakati huo wachumba, waliuimba Tallinn mwaka 1969, tamasha lilipotimiza miaka 100. Kunieleza siku hiyo hakutumia maneno. Alijishika koo, akafungua mdomo, akatoa hewa tupu. Sauti zilikauka.

Habari ya Koidula mwenyewe ndiyo iliyonikaa. Katika shairi lile anasema anataka kupumzika, alale kwenye mapaja ya nchi yake. Kisha akaolewa, akamfuata mumewe Kronstadt, upande wa Urusi, akafia huko mwaka 1886. Mabaki yake yalirudishwa Tallinn 1946. Miaka 60. Sisi tunaokaa ughaibuni tuna makundi ya simu kwa ajili ya michango ya kusafirisha mwili, na kila mmoja wetu amewahi kupiga hesabu ya wake kimyakimya, halafu akajikemea. Mimi niliipiga pale mezani.

"Sasa tazama," Bibi akasema, akaigeuza picha tena upande wa mbele. Akaweka kidole juu. "Buluu." Akashusha. "Nyeusi." Akashusha. "Nyeupe."

Nikaangalia picha, nikaangalia televisheni ambako bendera ilikuwa bado inapepea, nikarudi kwenye picha. Miezi mitano nakula supu chini ya bendera! Enzi za Kisovieti rangi hizo tatu kwa mpangilio huo zilikuwa marufuku, mtu aliweza kufungwa kwa kuipandisha. Mumewe aliichora katika miaka hiyohiyo, majira ya baridi, na alipoulizwa amechora nini alijibu: msitu. Wageni wa kila aina walikunywa chai pale. Na wala hakuwa anadanganya. Bibi alivuta pazia la dirisha la nyuma, na nje kulikuwa vilevile: mbingu imetakata, misonobari imesimama kama ukuta wenye masizi, na shamba jeupe kuja hadi kwenye uzio.

Sijui ni mimi niliyeomba au ni yeye aliyeona macho yangu. Ninachokumbuka ni boksi la bati mezani, rangi za maji ndani yake zimekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi, brashi nne, na karatasi nene ya pamba ambayo ilikuwa imeanza kuwa manjano kingoni. "Mimi sijui kuchora," akasema. "Ila nimeosha brashi zake miaka thelathini."

Nikatoka na ubao, kigoda na kikombe cha maji. Baridi ilikuwa nyuzi kumi na kitu chini ya sifuri. Ndani ya pua vinyweleo vinakakamaa, unavisikia. Nikapiga mbingu kwanza, brashi pana, kutoka kushoto kwenda kulia, na kabla sijafika mwisho wa mstari ule wa kwanza ulikuwa umeganda. Rangi ilikuwa inaota manyoya. Si mfano tu: vijiti vidogo vya barafu vilitambaa kwenye buluu, kila kimoja kikizaa vingine pembeni, mpaka kipande chote kikawa kama bawa la kanga. Nikaduwaa nikiangalia, huku kikombe nacho kikifunga utando juu. Nikaparaza msitu harakaharaka, nikakimbilia ndani kuikausha karibu na jiko.

Hapo ndipo nilipoharibu. Barafu iliyeyuka, manyoya yakalala, na msitu wote ukashuka. Ulimi mweusi uliteremka taratibu katikati ya theluji hadi ukingoni mwa karatasi, ukadondoka kwenye soksi yangu. Bibi alikuwa anapanga vipande vya mkate mweusi mezani. Akaitazama, akaitazama soksi, akaenda kabatini.

Alirudi na glasi ndogo imejaa pombe kali, nyeupe kama maji, akaniwekea mkononi na kunielekeza mlango. Nikaelewa: mgeni kapigwa na baridi, kazi yake imeharibika, na leo ni sikukuu. Nyumbani sinywi vitu vya namna hiyo, lakini kumkatalia mtu wa umri ule sikufundishwa. Nikaibugia yote kwa mara moja. Masikio yaliwaka.

Bibi alishika kichwa. "Ya brashi! Ya kikombe cha brashi!"

Alicheka hadi akakaa. Kumbe kileo hakigandi upesi kama maji. Ukikichanganya kwenye maji ya kuchorea, rangi inabaki laini hata kwenye baridi ya kukata masikio, na mumewe alifanya hivyo kila Januari. (Chupa moja ilimtosha majira yote, akasema Bibi, ingawa si yote iliyoishia kwenye karatasi.) Akajaza glasi ya pili, na safari hii akaibeba mwenyewe hadi nje, ameegemea fimbo, akaimimina kikombeni nikimwona.

Mbingu ya pili ilikwenda vizuri. Msituni nikataka kutumia nyeusi ya kwenye boksi, akanizuia: nyeusi ile imekufa, changanya buluu na hudhurungi. Nikachanganya, na kweli ikatoka nyeusi yenye usiku ndani yake. Kisha nikafungua mfuko wa koti na kutoa tyubu yangu ya nyeupe, ile ile niliyotoka nayo Moshi kwa mazoea tu, nikaanza kuikamua kwa ajili ya theluji.

Akaichukua. Hakuninyang'anya, aliitoa vidoleni mwangu kama unavyomtoa mtoto kijiwe mdomoni, akaitia mfukoni mwake.

"Theluji ipo," akasema, na kugonga karatasi kwa kucha. "Iache."

Mjomba angekasirika. Kuacha nusu ya picha bila kuigusa, halafu uombe pesa? Mkono wangu ulikuwa unawasha kuweka chochote pale, hata nyayo za sungura. Bibi alisimama kando yangu, pumzi yake inatoka kama moshi wa chungu, mpaka nilipoweka brashi chini. Nilichoruhusiwa ni kivuli kimoja chembamba cha buluu kwenye mguu wa msitu.

Tuliiacha ikauke ukumbini kwenye ubaridi, tukala mkate mweusi wenye yai na samaki wadogo waliokolezwa viungo, ndiyo kawaida ya siku hiyo. Wale samaki ni dagaa, waseme watakavyo. Ilipokauka nikaigeuza na kuandika kwa nyuma, kwa penseli ya Bibi, mstari wa kwanza wa wimbo wetu. Aliniomba nimsomee. Akaurudia neno kwa neno, na kwa "moyo wote" akatamka vizuri kuliko mimi ninavyotamka lugha yake hadi leo.

Usiku nikampigia Mama picha kwa simu, nikamtumia. Akapiga hapohapo.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Umeiona?"

"Nimeiona. Hayo meusi nini?"

"Msitu."

"Haya." Nikasikia anaisogeza simu mbali na macho, halafu karibu, kama afanyavyo bila miwani. "Imependeza. Mbona sasa hujaimaliza? Hapa chini umeacha karatasi tupu."

Nikafungua mdomo nimweleze. Nikakumbuka kwamba upande wa nyuma sikuwa nimeupiga.