Siku yangu moja: ankara mchana, data alfajiri

Saa 11 alfajiri niko mezani. Kazi inayonipa mshahara ni kukagua ankara, naifanyia nyumbani. Ninachosomea ni uchambuzi wa data, kozi ya mtandaoni inayoendana na watu walio kazini. Wengi wenye hali kama yangu huyaachia masomo usiku. Mimi nashika msimamo tofauti: kitu kigeni kipewe akili iliyopumzika. Ankara nimezizoea miaka mingi, hazihitaji saa yangu bora kuliko zote.

Leo ni SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata maswali. Mzizi wake ni makala ya mwaka 1970 ya Edgar Codd wa kampuni ya kompyuta ya IBM, aliyependekeza data ipangwe kwenye majedwali yanayohusiana. Mimi nina mawili ya mazoezi: wateja na malipo. Nikiyaunganisha kwa INNER JOIN, mteja ambaye hajalipa hata mara moja haonekani kabisa kwenye majibu. Nikitumia LEFT JOIN, nikianza na wateja, jina lake linabaki na upande wa malipo unasomeka NULL, yaani hakuna kitu. Hapo nimekaa muda mrefu, na sijutii. Kwa mtu wa hesabu, huyo asiyelipa ndiye hasa anayetafutwa! Ukiuliza vibaya, ripoti inatoka safi, jumla ya malipo ni sahihi, lakini mdaiwa hayumo. Tena kuna mtego mwingine: ukiweka sharti la kiasi cha malipo kwenye WHERE, sehemu ya kuchuja majibu, wale wa NULL wanachujwa tena, na LEFT JOIN yako haina kazi. Sharti hilo lihamie kwenye ON, sehemu inayosema majedwali yaunganishwe vipi.

Saa 1 ni ya watoto na sare zao.

Saa 2 asubuhi naingia kazini, yaani nageuza kiti. Kompyuta ya kazi ni ya mwajiri, ya masomo ni yangu, na hazichangii faili hata moja. Ninakutana na data tamu za kufanyia mazoezi kila siku, ila ni siri za wateja, siziondoi pale zilipo. Ninachokiondoa ni maswali: kwa nini malipo yanachelewa zaidi mwisho wa mwezi? Swali halina jina la mtu.

Saa 7 mchana, nikishakula, nafunika daftari na kuandika amri za alfajiri kwenye karatasi kwa kumbukumbu tu. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walionyesha kwamba waliorudia kusoma walifanya vizuri walipopimwa baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kwa mwenye muda mchache hii ni habari kubwa. Kusoma tena ukurasa uleule kunapendeza kwa sababu unaufahamu machoni. Karatasi tupu ndiyo inayokuambia ukweli.

Saa 9 watoto wamerudi. "Mama, umemaliza?" Bado. Tumekubaliana kwamba mlango ukifungwa niko kazini, ukiachwa wazi kidogo naweza kuulizwa jambo la haraka. Watu wazima ndio wagumu kuelewa. Kwao aliye nyumbani ana nafasi. Hilo nalisema waziwazi na mapema, kwa heshima, kwa sababu kinyongo hula muda kuliko maelezo.

Saa 11 jioni nazima kompyuta ya mwajiri na kutoka nje kutembea. Bila hapo katikati, kazi na masomo vingekuwa kitu kimoja kisichoisha.

Saa 2 usiku sisomi mada mpya. Natengeneza kazi ya mfano ya kuwaonyesha waajiri, kwa takwimu ambazo Benki ya Dunia ilizifungua kwa umma mwaka 2010. Mwenzangu wa kozi ameipitia na kuniandikia: "Dada, nchi zisizo na takwimu za miaka fulani umezipeleka wapi?" Zipo mwisho wa ripoti, kila moja na miaka yake inayokosekana. Ameridhika, kasoro mchoro wa pili, ambao anasema una rangi nyingi mno. Ana haki, nimebakiza mbili.

Ijumaa namwonyesha meneja wangu. Kitengo cha ripoti kinatafuta mtu, nami nataka meneja aanze kwa kuiona kazi yenyewe, cheti kije baadaye.