Wajapani na misimu yao, na sisi wa Lamu na kusi yetu

Nimekuwa nikisoma sana mambo ya Japani siku hizi na kilichonishika kabisa ni vile wanavyotaja misimu, yaani maneno ni mengi mpaka yana vitabu vyake, vinaitwa saijiki, kila neno limewekwa chini ya msimu wake. Mtu akitunga haiku, ule ushairi wa silabi tano, saba, tano, desturi ni kutia neno moja la msimu, wao huliita kigo. Ukitaja chura tu, msomaji ashajua baridi imeisha na miti inachipua.

Lakini washairi tuwaache, mimi nawapendea watu wa kawaida. Barua ya heshima kule haianzi na shida yako, inaanza na hali ya msimu kwanza, ndio adabu. Na wakati wa joto wanapelekeana kadi za kujuliana hali, sasa kwa hesabu ya zamani joto linaisha kama tarehe 7 au 8 Agosti, wakati Tokyo bado inaunguza, basi kuanzia siku hiyo kadi yako haisemi tena joto, inasema zansho, joto lililobakia, hata kama jasho linakutiririka! Kalenda ya kizungu waliichukua tangu 1873 na hesabu hii ya zamani hawajaiacha. Hata idara yao ya hali ya hewa hutangaza kogarashi ya kwanza, upepo wa baridi wa kabla ya kipupwe, kwa Tokyo na Osaka. Ofisi ya serikali inatangaza upepo kwa jina lake la kienyeji, mi hilo nimelipenda sana.

Tena mwaka wameukata vipande 72, kila kimoja kama siku tano. Mpango ulitoka China ila mnajimu Shibukawa Shunkai akaurekebisha mwaka 1685 uende na ardhi yao. Mwanzoni mwa Mei kuna kipande cha vyura kuanza kulia, kinachofuata ni cha nyungunyungu kutoka ardhini.

Sasa na sisi? Kaa na manahodha pale ufukweni usikie majina ya pepo, kaskazi, kusi, matlai, maleleji, na wazee wa pwani wanaohesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa pwani. Akili ni ile ile kabisa. Ila yetu imebaki midomoni mwa wazee, na kijana anafungua simu anaona upepo kilomita kadhaa kwa saa, simu haimwambii kwamba kusi ikishika bahari ya nje inachafuka, vidau vidogo vinabaki ndani na samaki anapanda bei, wala haimwambii kuwa majahazi ya Arabuni yalikuja kwa kaskazi yakarudi kwa kusi.

Nataka tuwe na saijiki ya Lamu, na waanze kuulizwa wavuvi kabla ya malenga, manake wavuvi ndio wanaoyatumia maneno haya kila alfajiri. Daftari nimeshafungua, chini ya kaskazi nimeandika maembe, bahari shwari, wageni wengi. Chini ya maleleji bado hamna kitu, kwa hiyo nimepanga kwenda Faza na Kizingitini, kisiwani Pate, kuwauliza wazee wa huko wao wanasemaje.