Namba Moja kwa Wanachama Wote

Mwaka 2011 nilikuwa nikiwaingiza wanachama wa chama chetu cha akiba na mikopo kwenye kompyuta. Jioni nikafungua orodha na kukuta kila mmoja, kuanzia mwenyekiti hadi mama muuza maandazi, ana namba ileile ya simu: 2147483647. Zile za kweli, zinazoanza na 255, zilikuwa zimepotea.

Kosa lilikuwa langu. Safu ya simu niliitengenezea namba ya biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1, na biti moja kati ya hizo hushika alama ya kujumlisha au kutoa. Zinabaki 31. Kikomo chake ni 2 kwa kipeo cha 31, utoe 1. Nilipopita hapo, programu niliyotumia iliandika kikomo hicho na kunyamaza.

Mhazini wetu alikuwa mwalimu mstaafu wa hisabati. Nilimwonyesha nikitegemea karipio. Akavua miwani, akaisogelea skrini.

"Hii ni namba tasa, mwanangu. Mwanahisabati Euler aliithibitisha mwaka 1772, huko Saint Petersburg, macho yake yakiwa karibu yamezima kabisa."

Nikamuuliza mtu anathibitishaje kitu kikubwa hivyo bila mashine. Kipeuo chake cha pili kinapita kidogo 46,340, kwa hiyo nilidhani lazima ujaribu kila namba tasa hadi hapo, maelfu kwa maelfu. Mwalimu akageuza daftari la risiti, akaandika nyuma yake: kigawo chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Basi. Maelfu yote yale yakashuka hadi kama 370, na ukiondoa zisizo tasa zinabaki 84. Hadi leo sijaona ufagio unaosafisha uwanja namna ile.

Tukaanza na 311. Baki 35. Kutoka hapo hadi 1303 hakuna hata moja ya kujaribu. 559 ni 13 mara 43, 1241 ni 17 mara 73, na wenzao ni hivyohivyo. Kwa 1303 nikagawa mwenyewe, nikapata 164,817, baki 226. Mwalimu akazidisha kurudi nyuma, akatikisa kichwa.

"Uliposhusha 4 ukapata 934. Je, 1303 inaingia humo?"

"Haiingii, Mwalimu."

"Sasa sifuri yake iko wapi?"

Jibu lilikuwa 1,648,107. Baki ilikuwa sahihi, lakini alinifanya niigawe upya tangu mwanzo.

Namba za simu nilizirudisha kesho yake kutoka kwenye fomu za karatasi, safari hii kama maandishi. Zile tasa zilizosalia nilizigawa usiku, chache chache. Baada ya wiki kadhaa nikampelekea daftari: zote 84, kila moja na baki yake. Hakutazama majibu. Alipita ukurasa kwa ukurasa, kidole kikisimama kwenye kila sifuri.