Mvua Ikishatoka Uani Kwako

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu katika imani.

Kaskazi imeishiwa nguvu. Upepo unageuka, mchana joto linabana hata barazani hakukaliki, na jioni mawingu yanajikusanya juu ya bahari. Ramadhani imetuaga juzi tu, wengine bado wamo katika saumu sita za Shawwal, na huku Pemba kila kiambo kina shughuli zake. Makuti mabovu yanateremshwa, misumari ya bati inagongwa upya, mashimo ya miche ya mikarafuu yanachimbwa. Kina mama wanahamisha mirihani na kuipogoa asumini iliyochakaa kwa jua. Watu wa nchi za baridi hungojea theluji iyeyuke ndipo washike jembe. Sisi tunangojea masika.

Allah anatwambia katika Suratu Shura, aya ya 28, kwamba Yeye ndiye anayeiteremsha mvua baada ya watu kukata tamaa, na kuieneza rehema yake. Aliyeuangalia mchicha wake ukinyauka mwezi wa Februari hahitaji tafsiri ndefu ya aya hii. Na katika Sahihi Muslim, Anas (R.A.) anasimulia kwamba walinyeshewa wakiwa pamoja na Mtume (S.A.W.), naye akaifunua nguo yake kidogo ili mvua imguse mwilini. Walipomuuliza akasema kwa sababu ndiyo kwanza inatoka kwa Mola wake. Kwa hiyo, kina mama, watoto wakiikimbilia mvua ya kwanza msiwapigie makelele sana. Radi zikianza ni jambo jingine, hapo waingie ndani.

Kuna suala la miongo ambalo huulizwa kila mwaka, nilipitie kwa ufupi. Wazee wetu waliuhesabu msimu kwa siku kumi kumi, kila kumi mwongo mmoja, kuanzia Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi. Kutoka Julai, watu wanapokoga mwaka kule Makunduchi, hadi katikati ya Machi ni kiasi cha siku 240, na mkulima wa zamani alijua mwongo wa kuchoma konde na mwongo wa kutia mbegu. Wapo vijana wanaoiita hesabu hii ushirikina, na mimi sikubaliani nao. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, ndiyo maana Ramadhani huizunguka misimu yote. Masika hayazunguki. Mkulima alihitaji hesabu ya jua, akaitafuta. Linalokatazwa ni lile alilolieleza Mtume (S.A.W.) pale Hudaybiya baada ya mvua ya usiku, katika hadithi ya Zayd bin Khalid iliyomo kwa Bukhari na Muslim: anayesema tumepata mvua kwa fadhila za Allah na rehema yake, huyo amemuamini Allah, anayesema tumeipata kwa nyota fulani, huyo ameiamini nyota. Hesabu mwongo wako, panda kwa wakati wake, lakini shukrani ipeleke inakostahiki.

Juu ya kupanda kwenyewe sina haja ya kurefusha, sote tumeisikia hadithi ya Anas kwamba Muislamu hapandi mti wala mmea, akala humo ndege, mtu au mnyama, ila huandikiwa sadaka. Hata kunguru, ndiyo. Hata komba anayeingia kwenye mapapai usiku.

Ninalotaka tulitafakari wiki hii ni lile tunalolisahau: mvua haiishii uani kwako. Inaingia, inakunyweshea muhogo na migomba, kisha inatoka. Na inakotoka kuna mtu.

Pemba yetu ni ya vilima na mabonde. Karibu kila nyumba ina nyumba nyingine juu yake au chini yake. Zamani paa lilikuwa la makuti, mvua ikidondoka pembezoni pote kidogo kidogo, na ua ulikuwa wa mchanga unaonyonya. Leo tumeezeka bati, tumeweka mchirizi mmoja unaomwaga pembeni pamoja, na ua tumeupiga saruji ili usiwe na tope. Sisemi saruji ni haramu, bibi mwenye magoti mabovu anaihitaji. Lakini hesabu ni hii: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 10 kwa 10 likinyeshewa milimita 50 usiku mmoja, jambo la kawaida masika, linakusanya lita 5,000. Hayo ni mapipa 25 ya lita 200, yamemwagwa mahali pamoja, yakiteremka kwa nguvu kuelekea ukuta wa udongo wa jirani wa chini. Asubuhi wewe unasema alhamdulillah, mvua ya baraka. Yeye anakomba tope chumbani.

Maji hufuata mkondo, ndivyo wasemavyo. Ila mkondo wenyewe, siku hizi, mara nyingi tumeuchimba sisi.

Kisa kinachonijia kila masika ni cha Zubayr bin al-Awwam (R.A.), nacho kimo kwa Bukhari na Muslim. Zubayr alikuwa na mitende Madina, karibu na eneo la mawe meusi liitwalo Harra, na maji ya mvua yalipita kwake kabla ya kumfikia jirani yake, mtu wa Ansar. Jirani akamtaka ayaachie maji yapite, Zubayr akakataa, wakashtakiana mbele ya Mtume (S.A.W.). Mtume akasema: mwagilia, ewe Zubayr, kisha yaachie yende kwa jirani yako. Yule Ansari akakasirika, akasema ni kwa sababu Zubayr ni mtoto wa shangazi yako! (Kweli alikuwa: mama yake ni Safiyya bint Abdul-Muttalib.) Uso wa Mtume ukabadilika rangi, akasema: mwagilia, ewe Zubayr, kisha yazuie mpaka yafike kwenye kingo. Baadaye watu waliyapima, wakaona ni kiasi cha kufika vifundoni. Zubayr alikuwa akisema kwamba anadhani ni kwa jambo hili ilipoteremka aya ya 65 ya Suratu Nisaa, isemayo kuwa watu hawataamini mpaka wamfanye Mtume hakimu katika wanayogombania, kisha wasione uzito nyoyoni mwao kwa alichohukumu.

Iangalieni hukumu ile ya kwanza na ya pili. Haki ya Zubayr tangu mwanzo ilikuwa kuyazuia maji mpaka kingoni, kwa kuwa yeye yuko juu. Hukumu ya kwanza haikumpa haki yake yote. Ilimwomba alegeze, achukue kidogo cha kumtosha, amfikirie wa chini. Ilikuwa sulhu, na aliyefaidika nayo ni yule yule aliyeikataa. Alipoikataa kwa kumtuhumu Mtume upendeleo, akarudishiwa sheria kamili, akatoka na kidogo kuliko alichopewa mwanzo.

Wangapi tumefanya hivyo hivyo mbele ya sheha, kiongozi wa mtaa? Jirani wa juu anasema nitaweka bomba mpaka barabarani, nusu ya gharama changia. Wa chini anasema sichangii hata shilingi, maji ni yako. Kesi inakwenda, inarudi, wanapimiana mipaka kwa kamba, na wakimaliza mwenye kiwanja cha juu hana wajibu ule aliokuwa tayari kuubeba kwa hiari, na salamu zimekatika. Na kinyume chake kipo, pengine ndicho kingi zaidi: wa juu anajua maji yake yanaharibu, anaambiwa kwa upole, anajibu kwamba mteremko kauumba Allah. Jibu hilo linaudhi kuliko tope lenyewe. Mteremko kauumba Allah, mchirizi umeununua wewe dukani. Mtume (S.A.W.) kasema hakuna kudhuru wala kudhuriana, na mafakihi wamejenga milango mizima ya sheria ya ujirani juu ya maneno hayo.

Anayetaka kuona sunna hii ikitendeka ateremke mabondeni akawaangalie kina mama wa mpunga. Jaruba la juu likijaa kiasi, mwenyewe anaufungua ukingo kwa jembe, maji yanaingia jaruba linalofuata, na hivyo mpaka mwisho wa bonde. Hakuna anayeyazuia mpaka mpunga wa mwenzake ukauke, na hakuna anayefungua kwa ghafla akaisomba miche ya mwenzake. Wakigombana, wanagombana humo humo bondeni na jioni wanarudi pamoja wamejitwika kuni. Kina mama hawa wengi hawakupata kukaa darasani wakasomeshwa kisa cha Zubayr, lakini mikono yao inakijua.

Yapo pia maji tunayompa jirani pasipo kuyaona yakitembea. Kwenye ua wa nyumba kuna makopo, matairi ya gari, mapipa yasiyo na mifuniko, na vifuu vya nazi vilivyotupwa nyuma ya jiko. Maji ya kifuu bahari ya chungu. Na kwa mbu pia, bahari tosha. Kwa joto letu, yai la mbu huwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi mbili. Mbu wa homa ya dengi hutaga hasa katika vyombo kama hivi, na wa malaria hupenda madimbwi. Akishapata mbawa haulizi hati ya kiwanja. Visiwa vyetu vimefanya kazi kubwa ya kuipunguza malaria, kwa vyandarua, dawa za kunyunyiza majumbani na matibabu, na kila mmoja anaweza kuipunguza kazi hiyo au kuizidisha kwa anachokiacha kimesimama nyuma ya jiko lake. Ushauri wangu ni rahisi: kila Ijumaa kabla ya kukoga kwa ajili ya sala, pinduweni kila kinachokinga maji. Wiki moja haimtoshi sana mbu, na Ijumaa haisahauliki.

Na lipo moja ambalo nalisema kwa uchungu. Wapo watu wanaoingojea mvua kubwa ya usiku ili walifungulie karo, shimo la maji machafu ya chooni, uchafu uchukuliwe na maji. Usiku hakuna anayeona. Waliokuwepo masika ya 2016 hawajakisahau kipindupindu, wala kambi za wagonjwa, wala visima tulivyoambiwa tusinywe bila kuchemsha. Uchafu ule unateremka kwenye kisima cha mtu, kwenye mchicha wa mtu, kwenye miguu ya watoto wanaokwenda chuo cha Qur'ani alfajiri. Mtu huyo huyo utamkuta safu ya mbele, udhu wake umekamilika. Sijui namna ya kulipamba jambo hili. Ni dhulma, na dhulma ya haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake mpaka mwenye haki asamehe. Utawaombaje msamaha watu usiowajua waliokunywa?

Basi mvua ya kwanza nzuri ikinyesha mchana, chukua mwavuli, au usichukue ukitaka sunna ile aliyoisimulia Anas, utoke uizunguke nyumba yako. Soma dua aliyotufikishia Mama Aisha (R.A.), Allahumma sayyiban naafi'an, tunaomba iwe mvua yenye manufaa. Kisha yafuate maji kwa macho: yanatua wapi, yanapita wapi, yanamfikia nani, kwa nguvu gani. Utajua mengi katika dakika kumi kuliko siku nzima ya ukame. Pengine mchirizi ukigeuzwa tu upande wa migomba unatosha. Pengine shimo la mawe na kokoto la kuyanywesha maji ardhini, au pipa lenye mfuniko la kufulia. Pengine mtaro wa hatua chache unahitaji ruhusa ya mtu wa pili, na hapo usitume mtoto. Nenda mwenyewe, piga hodi, kaa barazani, mzungumze.

Nyumba za wajane na wazee wasio na vijana zianze. Mtaro wa bibi asiye na wa kumchimbia unaziba mapema, na maji yake yanaingia ndani kabla ya kwetu. Vijana watano na majembe wanaumaliza kabla ya adhuhuri, na haina haja ya kutangazwa msikitini.

Wiki ijayo, inshaallah, tutazungumza juu ya mti wa jirani na matunda yanayoangukia upande wako, maana maswali ya mfenesi yameshanifikia kutoka Wete mpaka Mkoani, na baadhi yake yana hasira ndani yake.

Wabillahi tawfiq.