Siku Tulipokata Mtaro wa Werowocomoco

Julai 2005 tulikuwa Gloucester, Virginia, kando ya Mto York, na kazi yetu ya akiolojia siku hiyo ilikuwa kukata mtaro wa kale na kusoma tabaka za udongo ubavuni mwake. Shamba lile ndilo Werowocomoco, makao makuu ya Wahunsenacawh, mkuu wa Waalgonkini, wenyeji wa asili wa pwani hiyo, ambaye Waingereza walimwita Powhatan. John Smith, nahodha Mwingereza, alifikishwa hapo akiwa mateka Desemba 1607. Kufika 1609 Powhatan alikwisha kuhamia Orapax, mbali na wageni wale. Wengi huijua miaka hiyo miwili tu, na wakifika huuliza Pocahontas, binti wa Powhatan, alisimama wapi. Udongo hauwezi kujibu swali hilo. Unajibu jingine kubwa zaidi: mji ulianza lini.

Juu kuna tabaka lililolimwa kwa karne nyingi, kama sentimita 30. Hilo linatolewa kwa koleo na kupitishwa lote kwenye chekeche lenye matundu ya milimita 6, kwa sababu vigae na vipande vidogo vya shaba nyekundu vilivyotoka kwa Waingereza vimo humo, vimechanganywa na jembe. Chini yake udongo ni wa manjano. Hapo koleo linawekwa kando, mnachukua mwiko wa mwashi ulionolewa na kukwangua mkirudi kinyumenyume, msije mkakanyaga mlipokwisha safisha.

Kisha madoa yanajitokeza. Doa la duara, jeusi, pana kama kikombe, ni mahali fito ya nyumba ilipoozea. Aliyekulia nyumba ya fito na udongo hahitaji kuelezwa. Tatizo ni jua. Saa nne asubuhi doa linaonekana wazi. Saa sita udongo umekauka na lote limepauka. Ndiyo maana tulikuwa na pampu ya kunyunyizia maji, na turubai la kivuli, na tulipiga picha kabla ya kugusa chochote. Mizizi na mashimo ya panya hudanganya pia. Dawa yake ni kuchimba nusu ya doa na kutazama ubavu: fito iliyochongwa ina kingo zilizonyooka na ncha, mzizi hupinda na kugawanyika.

Mtaro wenyewe uko mbali na mto, nyuma ya eneo la makazi, na ni mmoja wa miwili inayokwenda sambamba kwa zaidi ya mita 200. Tulikata mkato kuuvuka, tukashuka tabaka kwa tabaka kwa kufuata rangi. Ukishuka kwa vipimo sawa vya sentimita 10 unachanganya matope ya chini na takataka zilizoingia baadaye, na tarehe yote inaharibika. Mkaa wa sakafu ya mtaro ulitolewa kwa ncha ya mwiko safi na kufungwa katika karatasi ya alumini. Kwa kipimo cha kaboni 14, kinachoonyesha umri wa kitu kilichowahi kuwa hai, punje ya hindi au ganda la njugu ni bora kuliko kipande cha gogo, maana moyo wa mti mkubwa huweza kuwa na umri wa karne moja au zaidi siku unapochomwa.

Watu waliishi hapo tangu karibu mwaka 1200, na mitaro ile ilichimbwa karne kadhaa kabla ya Powhatan. Yeye alizaliwa kwingine, karibu na maporomoko ya Mto James, akaja kukaa hapa. Kwangu hiyo ndiyo habari kuu ya Werowocomoco: alihamia mahali palipokuwa na heshima tayari, patakatifu palipotengwa na makazi ya kawaida, na enzi yake ikapata nguvu humo.

Wawakilishi wa makabila ya Virginia, wakiwemo Wapamunkey na Wamattaponi, walishirikishwa kabla ya uchimbaji kuanza mwaka 2003, nao walikuwa na neno juu ya wapi pachimbwe na wapi paachwe. Tulipomaliza kuchora ubavu wa mtaro tulitandika kitambaa cha kuzuia udongo mpya usichanganyike na wa zamani, tukafukia. Sehemu kubwa ya mji haijaguswa. Mwaka 2016 idara ya hifadhi za taifa ya Marekani iliinunua ardhi hiyo, ekari 264.