Red Sox na Yankees katikati ya msimu: tusiuze tena, tusajili

Ligi ya besiboli hapa Marekani iko mapumzikoni wiki hii ya Julai 2025, na sisi mashabiki wa Red Sox wa Boston huku Massachusetts tunatembea vifua mbele. Timu imeingia mapumzikoni ikiwa imeshinda mechi 10 mfululizo! Tumeshinda 53 na kupoteza 45. Yankees wa New York wana 53 kwa 43, na kileleni mwa kundi letu la Mashariki wako Blue Jays wa Toronto, 55 kwa 41, ambao juzi tu waliwaalika Yankees kwao wakawachapa mechi zote nne.

Nyumbani Kenya wengi wanaijua Boston kwa marathoni, na Aprili mwaka huu John Korir na Sharon Lokedi walitufurahisha tena. Siku hiyohiyo ya marathoni Red Sox hucheza asubuhi Fenway Park, uwanja wa tangu 1912, na wakimbiaji hupita karibu nao wakielekea utepeni. Ukienda kuwashangilia akina Korir, unajikuta katikati ya watu waliovaa jezi za Red Sox. Ukishajiunga nao, Yankees wanakuwa kwako kama Gor Mahia kwa shabiki wa AFC Leopards.

Jambo lililotutikisa mwaka huu ni la Rafael Devers. Huyu alikuwa mpigaji wetu mkubwa, bingwa wa 2018 akiwa kijana mdogo, mwenye mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 313.5. Klabu ilipomsajili Alex Bregman, Devers aliondolewa besi ya tatu (nafasi ya kulinda uwanjani) akawa wa kupiga tu. Kisha Triston Casas akaumia goti mwezi Mei, Devers akaombwa acheze besi ya kwanza, akakataa. Juni 15, Jumapili, tuliwafunga Yankees 2-0 na kukamilisha ushindi wa mechi tatu kwa tatu, Devers mwenyewe akipiga mpira mmoja uliovuka ukuta. Jioni hiyohiyo tukasikia ameuzwa kwa Giants wa San Francisco. Niliumia sana. Mookie Betts, nyota wetu mwingine, naye aliondoka hivyo Februari 2020 kwenda Dodgers wa Los Angeles, akatwaa ubingwa mwaka huohuo na tena 2024.

Hata hivyo vijana hawakukata tamaa. Roman Anthony, aliyepandishwa Juni 9 akiwa na miaka 21, anakua kila wiki. Bregman amerudi kutoka majeruhi. Na Garrett Crochet, mrushaji wetu wa mkono wa kushoto (mrushaji ndiye anayemtupia mpira mpigaji wa wapinzani), Julai 12 alirusha mechi nzima peke yake dhidi ya Rays wa Tampa Bay, tukashinda 1-0. Kwa siku hizi ambapo mrushaji hutolewa mapema ili mkono usichoke, hilo ni jambo la kumsimamia na kumpigia makofi.

Nakiri pia kwamba sita kati ya ushindi huo 10 tuliupata kwa Nationals na Rockies, timu dhaifu. Kipimo chenyewe kinaanza Ijumaa: Cubs kule Chicago, kisha Phillies wa Philadelphia, kisha Dodgers wanakuja Fenway. (Ndugu zetu Waganda wana sababu ya kuwashangilia Dodgers: klabu hiyo iliwasajili vijana wao Ben Serunkuma na Umar Male mwaka 2022.)

Yankees nao wana mpigaji Aaron Judge, ambaye kwa sasa hakuna mrushaji anayetamani kukutana naye. Lakini mrushaji wao Gerrit Cole alifanyiwa upasuaji wa kiwiko kabla msimu haujaanza, na sasa mrushaji mwingine, Clarke Schmidt, naye yuko nje kwa kiwiko. Mpigaji wao mwingine, Juan Soto, alishahamia Mets, timu nyingine ya New York. Judge hawezi kupiga na kurusha.

Kwa hiyo rai yangu kwa wakubwa wa klabu ni moja. Dirisha la kubadilishana wachezaji linafungwa Julai 31. Timu sita kutoka kila moja ya ligi mbili zinazounda ligi hii kuu huingia kwenye mchujo wa kuwania ubingwa, nasi tumo ndani ya hesabu hiyo. Crochet hurusha mara moja kila siku tano hivi, na siku nyingine nne lazima awepo mtu wa kuaminika. Mleteni mrushaji wa pili, hata kama itabidi tutoe vijana wawili watatu tunaowalea kwenye timu zetu za chini. Agosti 21 tunakwenda New York kucheza mechi nne, na Crochet peke yake hawezi kuzirusha zote.